Injini ya Subaru kwenye sakafu ya Volkswagen: masega yabaki au yatoke?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Niko Ilemela, Mwanza. Marehemu baba alituachia Volkswagen Beetle ya 1974. Bodi imeliwa na kutu, ila sakafu na gia boksi ni vizima. Mafundi wa boti za faiba wamekubali kunitengenezea bodi ya wazi, na nimepata injini ya Subaru EJ20 isiyo na tabo, imetoka kwenye Forester ya 2000. Fundi wa injini ananiambia nikate masega ya eksosi (kile kisafisha moshi) niyauze, kisha nifunge kabureta, eti "waya zote hizi za nini". Mjomba wangu aliyeko Birmingham naye kanitumia viwango vya moshi vya Uingereza, anasema gari la kuunda hupimwa kwa umri wa injini. Sheria ya kwetu inasemaje, na nifanyeje ili gari lisitoe moshi wala lisinisumbue barabarani?

JIBU: Mungu amrehemu mzee. Nianze na jibu la haraka, maana fundi wako huenda ameshashika msumeno. Masega yabaki. Kabureta isifungwe. Na kama hujamalizana na muuza injini, usimlipe mpaka akukabidhi na kontroli boksi (kompyuta) ya injini hiyohiyo, mtandao wake mzima wa waya, sensa zake, kipande cha kwanza cha eksosi chenye masega, na kopo la mkaa linalonyonya mvuke wa tangi. EJ20 hainunuliwi kama chuma tupu. Moshi wake ni safi kwa sababu vitu hivyo hufanya kazi kwa pamoja. Ukivitawanya, hata injini ambayo haijachoka itakunyea masizi kwenye ukuta wa jirani.

Sasa sheria. Hapa Tanzania gari binafsi haliitwi kila mwaka kuchomekwa kipimo cha gesi kwenye eksosi kama huko kwa mjomba. Hiyo haina maana kwamba moshi hauna mwenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa za 2007 zinagusa moshi wa magari, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, ndio wasimamizi. Juu ya hapo kuna Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, ambayo ndiyo utakutana nayo kila siku. Trafiki hahitaji mashine kuona moshi mweusi unakufuata, na gari lenye sura ngeni kama lako litasimamishwa mara nyingi kuliko Probox ya mtu mwingine. Lisimamishwe likiwa halina moshi na kadi yake inasoma sawa.

Kadi ndiyo yenye kazi zaidi, na watu wengi huiacha mpaka mwisho wakajuta. Kwanza, gari bado lina jina la marehemu. Huwezi kubadilisha injini wala bodi kwenye kumbukumbu za TRA kwa kadi ya mtu aliyefariki. Lazima awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na ndiye atakayehamisha umiliki. Anzeni hapo. Pili, kadi inataja namba ya injini, ujazo wake na aina ya bodi, na vyote vitatu vinabadilika. Injini ya Beetle haifiki hata cc 1,600, hii ya Subaru ni cc 1,994. Mabadiliko hayo yanaripotiwa TRA, na gari linakaguliwa na mkaguzi wa magari wa polisi wa usalama barabarani. Utakachoulizwa zaidi ni injini imetoka wapi. Kwa hiyo risiti iandikwe namba ya injini, isiwe "injini moja ya Subaru" basi. Kama imetoka kwenye gari lililovunjwa hapahapa nchini, omba nakala ya kadi ya gari hilo. Kama ilishuka bandarini kama spea, omba nakala ya karatasi za forodha. Piga picha ya namba iliyogongwa kwenye bloku kabla injini haijapanda, maana bodi ya faiba ikishakaa utaipata kwa kulala chini na kioo cha kunyolea.

Namba ya chasisi usiiguse kabisa. Kwenye Beetle imegongwa kwenye uti wa katikati wa sakafu, chini ya siti ya nyuma. Mafundi wa faiba wanapenda kupaka rezini kila mahali kuzuia maji, waambie eneo hilo walizungushie tepu. Ukitaka kufupisha sakafu, kama wanavyofanya wajenzi wengi wa vigari hivi, nenda kaongee na mkaguzi kabla ya kukata. Sakafu iliyokatwa na kuungwa ni jambo tofauti na kubadilisha injini. Na kama una ndoto ya kubebea watalii kwa malipo, hilo linaingia kwa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na bima yako haitakuwa ile ya gari la matembezi.

Orodha ya mjomba ni ya kweli, ila ni ya kwao. Uingereza gari lililojengwa nyumbani hupita ukaguzi maalumu uitwao IVA kabla ya kupewa usajili, halafu likishazeeka huingia kwenye ukaguzi wa kila mwaka wa MOT. Kwa magari ya kuunda yaliyoanza kutumika kabla ya Agosti 1, 1998, MOT hufuata umri wa injini, na mwenye gari ndiye anayetakiwa kuuthibitisha. Magari ya kabla ya Agosti 1975 huangaliwa moshi kwa macho tu. Kuanzia hapo mpaka Julai 1986 kaboni monoksidi isizidi asilimia 4.5 ya gesi inayotoka. Kuanzia Agosti 1986 mpaka Julai 1992 ni asilimia 3.5. Makundi hayo mawili yana kikomo kimoja cha petroli isiyoungua, sehemu 1,200 kwa milioni. Baada ya hapo, magari yenye masega hubanwa hasa: kwenye mizunguko 2,500 hadi 3,000 kwa dakika, kaboni monoksidi asilimia 0.3, petroli isiyoungua sehemu 200 kwa milioni, na lamda (kipimo cha uwiano wa hewa na mafuta, ambapo 1 ni sawasawa) kati ya 0.97 na 1.03; likiwa sailensa, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta, kaboni monoksidi asilimia 0.5. California wao wamekwenda mbali zaidi. Injini mbadala haitakiwi kuwa ya mwaka wa nyuma kuliko gari, na lazima ije na vifaa vyake vyote vya kusafisha moshi.

Kwa nini nimekuandikia namba za watu wengine? Kwa sababu zinakupa kipimo cha kujua kama kazi imefanyika vizuri. EJ20 ya 2000 iliyofungwa na vyote vyake ina uwezo wa kukaa ndani ya hizo namba kali bila kuhangaika. Ikishindwa, kuna kitu kimefungwa vibaya, na si kwamba injini ni ya mtumba.

Tuje kwenye kabureta. Fundi wako anaiona rahisi, na kweli waya zinapungua. Lakini kabureta haina macho. Inamwaga mafuta kwa tundu lililochongwa, iwe asubuhi ya baridi au mchana wa jua. Mwanza tuko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam. Kabureta iliyotegwa kwa hewa ya pwani hapa inazidisha mafuta, na kila fundi atakuja na bisibisi yake kuikisia. Kontroli boksi inajua hewa iliyoingia kupitia sensa (baadhi ya EJ20 zina sensa ya kupima hewa baada ya eakilina, nyingine zinapima mgandamizo ndani ya manifoldi), kisha sensa ya oksijeni iliyoko kwenye eksosi inaiambia kama ilipatia. Inarekebisha mara kadhaa kila sekunde chache. Masega yanategemea mchezo huo. Ndani yake mna vijitundu vilivyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, na yanasafisha vizuri pale tu mchanganyiko unapocheza karibu sana na gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Funga kabureta pamoja na masega hayo, petroli inayozidi itaungulia ndani yake, yatawaka mekundu, yatayeyuka, yataziba. Halafu fundi atasema, "Si nilikwambia masega yanabana injini?"

Habari ya kuyauza usiitie maanani. Bei anayotoa mnunuzi wa masega ni ya madini yaliyomo ndani. Siku utakapohitaji mengine, utanunua ya kiwanda kwa bei isiyolingana kabisa na hiyo, au utapewa pipa lililochomelewa lenye matundu matupu ndani.

Kabla ya kuyafunga, yakague. Yatikise, ukisikia kokoto zinagongana yamevunjika. Tazama kwa tochi upande mmoja, matundu yawe sawa na mwanga upite. Injini ikishawaka, fungua sensa ya mbele, chomeka geji ya mgandamizo kwenye tundu lake. Likiwa sailensa isizidi psi 1.5, kwenye mizunguko 2,500 isizidi psi 3. Zaidi ya hapo yameziba, na gari litakuwa zito kupanda Bugando hata ukiwa peke yako.

Sasa eksosi yenyewe, ambapo magari haya huharibikia. Kwenye Forester injini iko mbele, flaiwili (upande wa klachi) inatazama nyuma, na mabomba kutoka hedi zote mbili yanakutana chini na kuelekea nyuma kwenye masega. Kwenye Beetle injini inageuzwa, flaiwili inatazama mbele kwenye gia boksi. Bomba la Subaru lilivyotoka kiwandani litakwenda kugonga gia boksi. Kwa hiyo lazima kuchomelewa mabomba mapya yanayorudi upande wa belti. Hapo ndipo fundi anapopata sababu ya "kuachana na masega". Usikubali. Mwambie akate flanji za zamani za kwenye hedi azitumie tena, achukue bomba la kipenyo cha inchi moja na nusu mpaka moja na robo tatu kila upande, yakutane yawe bomba moja la inchi mbili. Unene wa chuma usipungue milimita 1.5, jembamba zaidi litatoboka kwa kutu mapema, hasa ukipenda kupeleka gari ufukweni.

Pale mabomba ya pande mbili yanapokutana, mara tu baada ya makutano, ndipo pakae sensa ya mbele ya oksijeni. Ikiwekwa kabla ya makutano itasoma silinda mbili tu na kuziadhibu zote nne. Chomelea nati yenye uzi wa milimita 18 kwa hatua ya 1.5, ikae upande wa juu wa bomba, sensa iinamie angalau digrii 10 kutoka mlalo ili maji ya asubuhi yasituame kwenye ncha yake na kuipasua. Masega yafuate karibu, isizidi kama mita moja kutoka kwenye hedi. Nusu mita hadi sentimita 70 ni pazuri. Hayafanyi kazi mpaka yafike karibu nyuzi joto 300. Ukiyaweka mbali kule mwisho, kwa safari fupi za Ilemela mpaka Kirumba yatakuwa pambo. Sensa ya nyuma, kama injini yako inayo, inakaa baada ya masega.

Viungo visivuje. Hili nalirudia kwa sababu watu hufikiri eksosi inayovuja inatoa tu kelele. Gesi inatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo bomba linanyonya. Tundu dogo kama la sindano kabla ya sensa linaingiza hewa ya nje. Sensa inaona oksijeni nyingi, inaripoti kwamba mafuta ni kidogo, na kontroli boksi inaongeza mafuta. Gari linanuka petroli, plagi zinakuwa nyeusi, fundi anabadilisha nozeli, pampu, kila kitu, na kosa ni gasketi ya flanji. Pima injini ikiwa ya baridi kabla ya kuitembeza: washa, mtu azibe mwisho wa eksosi kwa kitambaa kinene, wewe pitisha povu la sabuni kwenye kila kiungo. Na silikoni ya kuzibia, kama lazima itumike popote kwenye injini, iwe ile iliyoandikwa kwamba haidhuru sensa. Ile ya kawaida yenye harufu ya siki inaua sensa ya oksijeni.

Bodi ya faiba haipendani na masega. Ganda lake la nje linafika mamia ya nyuzi joto, na rezini inalainika mapema sana kabla ya hapo. Acha nafasi ya sentimita 10 au zaidi, weka bati la aluminiamu katikati lenye pengo la hewa pande zote mbili. Usiegeshe juu ya majani makavu.

Upande wa maji, fundi mwingine atakuja na ushauri wa kutoa thamostati, ile valvu inayozuia maji mpaka injini ipate moto. Kwa injini hii ni kosa mara mbili. Thamostati ya EJ huanza kufunguka nyuzi joto 76 hadi 80. Bila hiyo, injini iliyowekewa rejeta kubwa mbele na mabomba marefu itatembea ya baridi, kontroli boksi itadhani bado inapashwa moto na kuendelea kumwaga mafuta ya asubuhi mchana kutwa. Kosa la pili ni jirani yake. Thamostati ya EJ imekaa chini, kwenye mdomo wa pampu ya maji, yanapoingilia maji yaliyopozwa. Inapata joto lake kutoka kwenye maji yanayorudi kupitia mipira ya hita. Gari lako halina hita, kwa hiyo fundi ataziba hizo njia mbili kwa bolti. Akifanya hivyo thamostati haionji maji ya moto, inachelewa kufunguka, injini inachemsha, na hapo ndipo anaitoa. Ziunganishe zile njia mbili kwa mpira mmoja, maji yazunguke. Shida imeisha.

Toa hewa kwenye mfumo: inua pua ya gari au weka kijitangi cha kujazia sehemu ya juu kuliko zote, mimina polepole, bana mipira kwa mkono mpaka povu liishe. Feni iwake na kuzima mara mbili kabla hujaamini.

Mafuta. Njia ya zamani ya Beetle ilikuwa ya pampu ndogo ya kabureta, nozeli za Subaru zinataka kama bari 3. Mipira ya zamani itapasuka na kuwasha moto, hilo si suala la moshi tena. Nunua mipira ya presha ya juu, klempu za mzunguko mzima, na pitisha bomba la pili la kurudisha mafuta tangini. Tangi la Beetle liko mbele na ni bapa. Likipungua, kwenye kona mafuta yanakimbilia upande mmoja na pampu inameza hewa, injini inakosa, na silinda iliyokosa inapeleka petroli mbichi kwenye masega. Kijitangi cha lita moja hadi mbili kati ya tangi na pampu kubwa kinamaliza hilo. Mpira wa mvuke wa tangi upeleke kwenye kopo la mkaa, na valvu yake irudi kwenye manifoldi kama ilivyokuwa. Vivyo hivyo mipira inayonyonya mvuke wa oili kutoka kwenye bloku: usiiache ikining'inia chini, na usiache matundu yake wazi upande wa manifoldi. Hiyo ni hewa isiyohesabiwa.

Plagi zina mtego wa pekee kwa injini iliyogeuzwa. Kwenye Forester silinda 1 na 3 ziko kulia kwa dereva, 2 na 4 kushoto. Sasa zimebadilishana pande, na fundi anayehesabu kwa mazoea atachanganya. Hesabu kuanzia kwenye belti: simama ukiitazama belti, upande wako wa kushoto ni 1 karibu nawe na 3 nyuma yake, upande wa kulia ni 2 kisha 4. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-2-4. Koili inachoma kwa jozi, 1 na 2 pamoja, 3 na 4 pamoja, kwa hiyo ukibadilishana 1 na 2 huwezi hata kugundua, ila ukibadilishana 1 na 3 injini itatetemeka na masega yatang'aa mekundu ndani ya dakika chache. Ukiona hivyo zima papo hapo.

Waya usizipunguze kwa kukisia. Ondoa za madirisha, redio na taa ukitaka, lakini waya wa sensa ya mwendo unatakiwa. Gia boksi ya Volkswagen haina sensa hiyo ya umeme, na kontroli boksi isipopata ishara ya mwendo taa ya injini itawaka, na mara nyingi gari litazima unapokaribia kusimama. Zipo sensa ndogo za sumaku zinazofungwa kwenye kebo ya spidomita au kwenye kikombe cha ekseli. Ethi nayo usiifanyie mchezo. Bodi ya faiba haipitishi umeme, kila kitu kinachotegemea ethi ya bodi kinahitaji waya wake mpaka kwenye sakafu. Weka waya mnene kutoka bloku kwenda sakafu, mwingine kutoka sakafu kwenda betri, na ethi za kontroli boksi zirudi kwenye manifoldi ya injini zilikotoka. Ethi mbovu inafanya sensa zidanganye, na sensa ikidanganya mafuta yanazidi.

Umemaliza kufunga? Usikimbilie barabarani. Subaru za miaka hiyo zina plagi za waya mbili nyeusi na mbili za kijani chini ya dashibodi, mara nyingi zimefungwa kwa tepu kwenye mtandao wa waya, kwa hiyo zitunze usizikate. Unganisha zile nyeusi pamoja, washa swichi bila kupiga stata, taa ya injini itamulika misimbo: miale mirefu ni makumi, mifupi ni mamoja. Kama una skana inayosoma gari hilo, kazi ni nyepesi zaidi. P0500 ni ishara ya mwendo. P0300 ni injini kukosa. P0171 ni hewa kuzidi, na mara nyingi chanzo ni mpira uliochomoka au eksosi inayovuja mbele ya sensa. P0172 ni mafuta kuzidi. P0420 ni masega yaliyochoka, lakini usiyalaumu kabla hujamaliza mengine yote.

Injini ikishapata moto vizuri, ishikilie kwenye mizunguko 2,500 kwa nusu dakika, angalia umeme wa sensa ya mbele. Unatakiwa kupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9, angalau mara tano kwa sekunde 10. Ukikaa chini muda wote, kuna hewa inaingia au mafuta hayatoshi. Ukikaa juu, mafuta yanazidi. Sensa ya nyuma yenyewe itulie. Ikicheza sawasawa na ya mbele, masega hayafanyi kazi. Kwenye skana, marekebisho ya mafuta yawe ndani ya asilimia 10 juu au chini.

Usipokuwa na mashine yoyote, tumia macho. Moshi mweusi ni mafuta kuzidi. Wa bluu ni oili. Mweupe unaoendelea baada ya injini kupata moto, wenye harufu tamu, na maji yanapungua: hiyo ni gasketi ya hedi, na kwa injini ya mtumba bora uijue mapema.

Mwisho wa eksosi upite nje ya ukingo wa nyuma wa bodi, sentimita 5 mpaka 10. Gari la wazi likitembea linavuta hewa ya nyuma kuja mbele kwa abiria, na bomba lililoishia chini ya bodi litawaletea kaboni monoksidi isiyo na harufu. Jaribu kwa kutembea taratibu ukiwa na mtu siti ya nyuma. Akilalamika kichwa au macho kuwasha, refusha bomba.

Safari ya kwanza ndefu fanya mpaka Usagara na kurudi, mchana, na spana ya flanji mkononi. Ukifika kule acha injini ipoe, kaza bolti zote za eksosi upya, tafuta alama nyeusi za masizi kwenye viungo. Rudia baada ya kilomita 500, maana gasketi mpya hukaa na bolti hulegea. Gia boksi ya mzee iliundwa kwa injini ya nguvu chini ya nusu ya hii, kwa hiyo gia ya kwanza na ya pili usizikanyage kwa hasira.